Simba Wawili, Mstari Mmoja

Vijana walionirithi pale kibandani wameniomba niwaandikie namna ya kutambua mzuka. Wanataka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nimejaribu nikashindwa, kwa sababu kila nikiandika sentensi moja kuhusu mzuka inanibidi niandike ya pili kuhusu nilivyoogopa siku hiyo, na ukurasa unaisha. Basi someni hivi hivi. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilianza fundi nikastaafu fundi, na barua zote za katikati zilikuwa za kubadilisha jina la kiti kile kile.

Naitwa Rhoda Mutheu. Nilitoka Mwala, Ukambani, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na diploma ya elektroniki na viatu vya kuazima, nikaajiriwa na mradi mdogo pale Kitengela. Tangazo lilisema wanatafuta fundi wa redio. Halikutaja simba. Mimi nilidhani nitakaa dukani nikitengeneza redio za walinzi.

Aliyenipokea ni Mwalimu Hassan. Jina la Mwalimu alipewa na wafanyakazi kwa sababu hakuweza kukaza skrubu bila kueleza kwa nini ililegea. Alikuwa mtu wa Wajir, mrefu, mwenye sauti ya chini. Ndugu zake walikuwa na duka mjini Kitengela na wengine waliuza mbuzi sokoni. Yeye peke yake ndiye aliyekimbilia waya. Siku ile hakunionyesha ofisi. Alinipeleka kwa gari hadi tambarare za kuelekea Isinya, akasimamisha, akanivisha hedifoni na kunipa eriali ya mkono, ile inayofanana na mifupa ya samaki.

"Zunguka polepole," akasema. "Ukisikia kitu, simama."

Nikazunguka. Mara nikasikia mlio mdogo, pii, halafu kimya, halafu pii, kama pigo la moyo wa mtu aliyelala.

"Nimesikia, Mwalimu. Ni nini?"

"Ni simba jike. Ana kola shingoni. Yuko nyuma ya ile migunga."

Migunga yenyewe haikuwa mbali kuliko duka la jirani. Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa tayari ndani ya gari, nimejifungia, na waya wa hedifoni umebanwa na mlango ukakatika. Kifaa cha kwanza nilichotengeneza katika kazi hii ni kile nilichokivunja mwenyewe kwa woga. Hassan hakucheka. Alikaa kwenye usukani akaniambia, "Woga si mbaya. Mtu asiyeogopa hapa hatudumu naye."

Niwaeleze kazi ilikuwa nini, kwa wale mtakaosoma mkiwa mbali. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka mbugani na kumwagika kwenye tambarare za Kitengela, katikati ya maboma ya watu, na simba huwafuata. Nyumbu wakiisha, simba hutazama ng'ombe. Ng'ombe akiliwa, vijana huchukua mikuki. Mradi wetu uliwavisha simba kola za redio ili wafugaji wajulishwe kabla simba hajafika bomani. Kila kola ilikuwa na masafa yake na mapigo yake. Wazo lilikuwa zuri. Shida ni kwamba mashine za wakati huo zilisikiliza kola moja tu kwa wakati. Ukimaliza kuwazungukia wote na kurudi kwa wa kwanza, amekwisha kula na kunywa maji.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukaletewa mashine mpya ya kuwasikiliza wote kwa pamoja. Tukaifunga katika kibanda cha mabati juu ya kilima, chini ya mnara. Moyo wa mashine ile ni chipu tuliyoiita konvata. Inalipima wimbi linaloingia kutoka kwenye eriali mara mamilioni kwa sekunde na kulitoa likiwa namba. Kompyuta huzichukua namba hizo na kuchora mistari kwenye skrini, kila kola mstari wake. Mstari ukipanda, simba anakaribia, king'ora cha kibandani kinalia, na sisi tunapiga simu bomani. Wakati huo simu za mkono ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuingia. Boma zima lilikuwa na moja, mara nyingi ikiwa kiunoni mwa mama mwenye akili kuliko wote.

Tulisherehekea kwa soda. Wiki haikuisha kabla simba asiyekuwepo hajatokea kwenye skrini.

Mzuka, kama tulivyouita, ni mstari usiokuwa na mnyama. Konvata ya kasi hivyo ni kama mtu mwenye masikio makali mno: husikia vya nje, husikia na tumbo lake mwenyewe. Mizuka mingine ilikuwa rahisi. Ule uliotoka kwenye chaja ya bei nafuu haukuwa na mapigo, ulilia mfululizo, na simba halii mfululizo. Nilibadilisha chaja ukafa. Mwingine ulinitesa majuma kadhaa, kwa sababu ulipiga pii kila sekunde kama kola kabisa, tena kwenye masafa yote, kana kwamba kundi zima la simba limezingira mnara. Nililala vibaya siku zile. Mwishowe niligundua kwamba ulianza siku shamba moja la maua lilipowasha ua wake wa umeme. Nikaenda kumwomba meneja auzime kidogo nijaribu.

"Madam," akaniuliza, "unataka nizime ua ili simba waingie, au ili waondoke?"

"Nataka uuzime ili nijue kama wapo."

Aliuzima huku akinitazama kama mgonjwa. Mistari yote ikaanguka. Tukanunua filta ya kuchuja mlio wa ua.

Hassan alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaiota. "Usiamini wala usikatae. Gusa kitu kimoja, uone kinachobadilika." Ndivyo alivyonifundisha kutumia pedi. Pedi ni kijipande cha chuma kama kidole, unakifunga kati ya eriali na mashine, kinapunguza nguvu ya wimbi kwa kiasi kinachojulikana. Simba wa kweli akipitia kwenye pedi hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mzuka uliozaliwa ndani ya mashine kwa kuzidiwa na wimbi kubwa hupungua maradufu, kwa sababu unakula kwa jasho la mwenzake. Ukiona mstari umeanguka zaidi ya ulivyoagizwa, huyo hana miguu.

Sasa niwajulishe wawili waliotuweka roho juu.

Wa kwanza ni simba jike tuliyemwita Nashipae, mpole kwa kadiri simba anavyoweza kuwa mpole. Alipenda kivuli cha kilima chetu, na siku nyingine nililazimika kubaki kibandani nikinywa chai baridi hadi mwenzangu Sankale aje na gari kunichukua. James ole Sankale ndiye aliyekuwa mtu wetu wa nyayo na wa kuzungumza na maboma.

Wa pili ni dume mwenye sikio lililochanika, tuliyemwita Sikio. Huyo hakuwa na mzaha. Alimkuta mchungaji aitwaye Parsaloi akinywesha ng'ombe, akamvunja mkono na kumchana bega. Nilikwenda na Sankale kumwona wodini Kajiado. Parsaloi alikuwa akizungumza vizuri, akiulizia ng'ombe wake, lakini kila mlango ulipofungwa kwa kishindo alishika kitanda kwa mkono ule mzima. Tangu siku hiyo mstari wa Sikio ukipanda kwenye skrini, mikono yangu ilipata baridi. Nilikuwa nikiikalia ili ipate joto.

Basi ikawa hivi: kila Nashipae alipokuja karibu na mnara, mstari wa Sikio nao ulipanda. Mara ya kwanza tulipiga simu kila boma. Wanawake wakafungia watoto, wanaume wakashuka na mikuki, wakazunguka vichaka mpaka jua likazama. Hakuna kitu. Mara ya pili vivyo hivyo, na kijana mmoja akaanguka mbioni akavunjika mguu. Safari iliyofuata niliyempigia simu alikuwa Mama Nosim, ambaye boma lake lilikuwa kando ya korongo, chini ya kilima chetu.

"Rhoda," akaniambia, "hiyo Sikio yako iko na mabawa?"

"Kwa nini, Mama Nosim?"

"Sankale mwenyewe ameona nyayo yake asubuhi hii huko Isinya. Sasa imefikaje hapa kwangu? Imepanda gari?"

Nikamwambia nitachunguza. Mimi na Hassan tukakaa na mashine ile mpaka tukaielewa. Konvata ina mpaka wa masafa yake. Wimbi likizidi mpaka halipotei; hujikunja na kurudi ndani, likatokea mahali pasipo pake. Nashipae alipokuwa karibu sana, wimbi lake lilikuwa kubwa mno, mashine ikazaa wimbi la pili lenye masafa mara mbili ya lake, na hilo likavuka mpaka, likajikunja, likaangukia hasa, kwa bahati mbaya iliyoje, juu ya masafa ya Sikio. Tulifunga pedi: mstari wa Sikio ukaanguka maradufu. Mapigo yake nayo yalikwenda sambamba na ya Nashipae, hatua kwa hatua, kama kivuli na mwenyewe. Ulikuwa mzuka.

Lakini kujua mzuka ni nani si kujua anazaliwa wapi. Konvata yenye afya haikupaswa kuzaa wimbi kubwa hivyo. Kitu fulani ubaoni kilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuja na kwenda. Siku za joto ulinyamaza, siku za baridi ulirudi. Tulipima kila kitu. Tukabadilisha vipuri ambavyo havikuwa na hatia.

Wakubwa wetu wa Nairobi wakachoka kusubiri. Malalamiko ya maboma yalikuwa yamewafikia. Wakaagiza programu ibadilishwe: Nashipae akiwa karibu na mnara, mstari wa Sikio usihesabiwe, na king'ora kisilie.

Hassan alipinga. "Mnamfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka," aliwaambia. "Siku mwizi akija atabweka na nini?"

Wakamjibu kwamba wafugaji hawatatuamini tena tukiendelea kuwasumbua, na hilo pia lilikuwa kweli. Programu ikabadilishwa. Mimi ndiye niliyeketi mbele ya skrini hiyo, na tangu hapo sikuogopa tena mstari ukipanda. Nilianza kuogopa king'ora kisipolia.

Ilikuwa Julai, ile miezi ambayo Kitengela huamka na ukungu na wakati mwingine ukungu hurudi alasiri. Hassan alikuwa amekwenda Wajir kuzika shangazi yake. Nilikuwa kibandani na blanketi mabegani, Sankale nje akirekebisha gurudumu. Nashipae alikuwa karibu. Mstari wake ulikuwa umegonga juu ya skrini. Mstari wa Sikio nao ulikuwa juu, kama kawaida ya siku za baridi. King'ora kilikuwa kimya, kama kilivyoagizwa.

Nilitazama tu kwa mazoea ya mtu asiye na kazi nyingine. Nashipae akapiga, Sikio akapiga. Nashipae akapiga, Sikio akapiga. Halafu, katikati, Nashipae akiwa kimya, Sikio akapiga peke yake.

Nilidhani nimepepesa macho. Nikasubiri. Sambamba, sambamba, kisha lile pigo la katikati tena, limesogea kidogo. Kulikuwa na mapigo mawili kwenye mstari mmoja, moja likimfuata Nashipae na jingine likijiendea kwa mwendo wake.

Nilichukua pedi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kuifunga ikawa kazi. Nilipoifunga nikarudi kwenye kiti. Pigo la sambamba lilikuwa limeanguka maradufu, karibu lizame. Pigo la katikati lilikuwa limepungua kwa kiasi cha pedi. Kiasi hicho hicho, halikuzidi hata kidogo.

Mzuka ulikuwepo, na nyuma ya mzuka alikuwepo Sikio.

"Sankale!" nikaita. "Sankale, yuko hapa! Wa kweli!"

Aliingia na spana mkononi. "Nani?"

"Sikio. Tena karibu. Zungusha eriali tujue yuko upande gani."

Aliizungusha eriali ya mnara polepole. Upande wa Isinya pigo lilififia. Upande wa korongo likapanda. Sankale akaacha kuizungusha. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa tisa. Watoto wa maboma yale hutoka shule saa tisa, na njia yao inapita ndani ya korongo.

Nilimpigia Mama Nosim. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Boma lake lilikuwa bondeni, na ili apate mtandao alilazimika kupanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Kwa baridi ile nani angepanda kichuguu?

"Twende," Sankale akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba niliruka garini. Ukweli ni kwamba nilisimama mlangoni nikitafuta sababu ya kubaki. Mtu lazima aitazame mashine, nilisema. Sankale akanijibu, "Madam, mimi nimewaambia hawa watu uongo wa kompyuta mara nyingi. Nikienda peke yangu watanicheka." Nikaingia garini.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi. Tulimkuta Mama Nosim kando ya boma lake akiwaingiza mbuzi, shuka mbili mwilini, rungu mkononi.

"Takwenya," Sankale akamwamkia.

"Iko," akaitikia, kisha akaniona. "Rhoda! Leo umeshuka kutoka mlimani?"

"Mama Nosim, watoto wako wapi?"

"Wako njiani. Nosim na wale wengine. Kwani nini?"

"Sikio yuko korongoni."

Uso wake ukachoka ghafla. "Ai, hapana. Mimi nimechoka na hiyo simba ya kompyuta. Mwaka juzi ni hiyo hiyo. Mwaka jana ni hiyo hiyo. Mtoto wa jirani yangu Naisiae alivunjika mguu akitafuta simba yenu. Niko na mbuzi hapa, siwezi kuacha."

"Leo si mzuka."

"Utajuaje?"

Ningemweleza nini? Pedi? Masafa yanayojikunja? Sankale alianza kusema kitu kwa Kimaasai, akamkatiza kwa mkono. Alikuwa akinitazama mimi. Nilikuwa nimeshuka garini lakini mkono wangu ulikuwa haujaachia mlango, na mlango ulikuwa unatikisika kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka.

"Mama Nosim," nikasema, "unanijua. Kuna mtu anaogopa simba kuliko mimi hapa Kitengela?"

"Hakuna," akasema bila kufikiri.

"Basi niambie. Ningeteremka huku, na ukungu huu, kwa sababu ya mzuka?"

Aliutazama mlango ule ukitikisika. Kisha akatupa tawi la miiba la kufungia zizi, akaingia garini na rungu lake, na mbuzi wengine wakabaki nje. "Endesha," akamwambia Sankale.

Njia ya gari haifiki korongoni, inaishia ukingoni. Sankale akapiga honi mfululizo, akiteremka kwa gia ya kwanza juu ya mawe. Nilikuwa nimefunga madirisha yote. Mama Nosim akalifungua lake na kumwita msichana wake kwa Kimaasai, "Nosim! Entito!" Ukungu ukameza jina.

Ndipo tukasikia watoto. Hawakuwa wakilia. Walikuwa wakiimba wimbo wa shule, wakishuka ng'ambo ya pili kuelekea chini, kwenye vichaka vya mleleshwa ambako maji husimama. Tuliwaona kama madoa ya buluu, sweta za shule, wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi. Honi wameizoea, magari ya mawe hupiga honi kila siku.

Mama Nosim akatoka garini. Alisimama ukingoni akapaza sauti kwa Kimaasai, neno moja ninalolijua, la simba: "Olng'atuny!"

Watoto wakanyamaza. Wakasimama walipokuwa.

Na katika kimya kile, kwenye vichaka vilivyokuwa kati yetu na wao, kitu kikainuka. Hakuruka, hakunguruma. Aliinuka tu kama mtu mzima anayenyanyuka kitini, akageuza kichwa kututazama, na sikio moja lilikuwa limechanika mpaka chini. Nilikuwa nimemwona miaka mingi kama mstari. Sikuwa nimejua kwamba ni mkubwa hivyo.

Sankale aliwasha taa zote, akashikilia honi, na kulisukuma gari mbele mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia ukingoni. Niliona mikono yangu imeshika dashibodi na nikasikia mtu akiomba kwa Kikamba, ambaye lazima nilikuwa mimi. Mama Nosim hakurudi nyuma hatua moja. Alipiga rungu lake kwenye jiwe, tena na tena, akiwaambia watoto warudi nyuma bila kukimbia, bila kugeuka. Nosim alikuwa mbele. Alikuwa na umri wa kuanza kupoteza meno. Alirudi nyuma akimtazama mama yake, akiwasukuma wenzake kwa mgongo.

Sikio alisimama pale kwa muda ambao siwezi kuupima. Kisha akatembea, hakukimbia, kufuata korongo kwenda chini, na ukungu ukamfunga.

Sankale alirudisha gari nyuma, tukazunguka kwa barabara ya juu kuwachukua watoto. Waliingia wote nyuma ya gari, wakikaliana. Hakuna aliyelia mpaka Mama Nosim alipoanza yeye, tukiwa tumefika bomani, baada ya kuwahesabu mbuzi wake na kuona wapo.

Hassan aliporudi nilimsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Sasa huo mzuka tutauua," akasema. "Leo umemficha Sikio, kesho utamficha tena."

Tulijua kwamba baridi ndiyo inayouamsha, basi tukaamua kuitumia. Hassan alileta barafu kutoka kwenye friji ya soda ya duka la nduguze. Tukaifunga vipande vidogo ndani ya nailoni ubao usilowe, tukaingiza wimbi kubwa la kujaribia kana kwamba Nashipae yuko mlangoni, na mimi nikawa nagusisha barafu sehemu moja baada ya nyingine huku yeye akitazama skrini. Saa ya konvata, ile inayoipigia mwendo: hakuna. Vipuri vya umeme: hakuna. Nilipofika kwenye kitransfoma kidogo kinachoilisha konvata, Hassan akasema, "Hapo! Usiondoe mkono."

Konvata hulishwa kwa njia mbili: upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka, sawasawa kama watoto kwenye bembea ya ubao. Usawa huo ndio unaoua mawimbi ya masafa mara mbili. Chini ya lenzi niliona kwenye solda, risasi inayoushika mguu mmoja wa kitransfoma, ufa mwembamba kuliko unywele. Baridi ikija, chuma hujikunyata, ufa hufunguka, upande mmoja unakosa nguvu, na mzuka unazaliwa. Niliyeyusha solda ile upya. Haikuchukua muda wa kupoza chai. Tukarudisha barafu, mstari haukuinuka. Wakubwa wakakubali amri yao iondolewe kwenye programu, na Nashipae akaja kilimani mara nyingi bila kumleta mwenzake.

Mwaka uliofuata Sikio aliua ng'ombe wengi upande wa chini, kuelekea barabara ya Namanga, na vijana wa huko wakamaliza habari yake. Tulijua kwa sababu kola ya mnyama asiyetikisika kwa muda mrefu hubadilisha mapigo, yakawa ya haraka haraka. Sankale alikwenda akairudisha kola ikiwa na damu kavu. Sikufurahi kama nilivyotazamia.

Nilimpigia simu Mama Nosim nimwambie. Siku hiyo alikuwa amepanda kichuguu, akanisikia vizuri.

"Sikio amekufa," nikasema. "Na mashine imepona. Skrini yetu ni safi kabisa. Watoto wanaweza kupita korongoni."

Nilisikia upepo kwenye simu yake.

"Ashe, Rhoda," akanishukuru kwa Kimaasai. "Lakini niambie kitu moja. Hiyo mashine inasikia simba yenye kola, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na zile hazina kola?"

Nilitazama skrini. Mistari ilikuwa imelala chini, imetulia, hakuna mzuka hata mmoja. Simba asiye na kola hana mstari, na kabla sijasema hivyo yeye alikuwa amekwisha kuaga.

Kesho yake, saa tisa, nilimwomba Sankale anipeleke ukingoni mwa korongo. Mama Nosim alikuwa pale na rungu lake, akiwasubiri watoto, macho yake yakipita kichaka hadi kichaka. Nilikaa garini kwa muda nikimwangalia. Kisha nikafungua mlango, nikashuka, nikaenda kusimama naye.